Kufuli Jekundu la Fundi Pima Tena

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pima Tena, angekuwa ameketi nasi leo asingesikiliza hata neno moja la wasifu huu. Angekuwa anautazama waya wa hicho kipaza sauti, ulivyolazwa kwenye majani mabichi, na angeshainuka kwenda kumnong'oneza mwenye vyombo vya muziki. Basi tusome kabla hajakasirika. Anayewasomea ni mdogo wake wa kike, yule mwenye mdomo, na aliyeandika ni huyo huyo. Wapo walionong'ona wakati wa kuaga, mbona fundi amevishwa koti la kazi, suti hana? Suti anayo. Tutafika huko. Yaliyomo kwenye kijitabu mlichoshika ni yale tuliyoyajua hadi jana. Mwishoni kuna maneno ya leo asubuhi ambayo hayakuwahi kuchapwa, na mtamvumilia msomaji.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1955 katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi seremala na mkewe. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akitumwa kufunga mlango, ataufunga, atarudi kukaa, kisha atainuka tena kwenda kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Mama alikuwa akisema, "Huyu mtoto wangu ataoa mlango." Tulicheka sana nyumba ile. Hatukujua kwamba mama anatania jambo ambalo miaka ya mbele litakuja kutuuma.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akaendelea hadi kidato cha nne, na mwaka 1974 akapata nafasi chuo cha ufundi, idara ya umeme. Huko alifundishwa na mwalimu aliyebakiwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili vilikatwa baada ya kuungua siku ambayo mtu mwingine aliwasha umeme bila kuangalia nani yuko ndani ya kazi. Mwalimu yule alikuwa akisema, "Umeme hauna adabu. Haupigi hodi." Siku ya mahafali, mwaka 1977, aliwagawia wanafunzi wake makufuli mekundu, kila mmoja lake, kila kufuli na ufunguo mmoja tu, usio na nakala. Akawaambia: ukizima swichi uende kufanya kazi, ifunge kwa kufuli lako, ufunguo uuvae. Kufuli hilo ni wewe. Likiwa pale, wewe uko ndani. Halitolewi na mtu mwingine hadi awe amekuona kwa macho yake, uko nje, umesimama. Si kusikia kwamba umetoka. Ni kukuona.

Wenzake wengi walipoteza makufuli yao kabla mwaka haujaisha. Kaka yetu aliuvaa ufunguo wake shingoni miaka arobaini na minane.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa kiwanda cha nguo, akiwa fundi wa fezi tatu, na hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 2015. Kwa wasiojua, na msomaji alikuwa mmoja wao hadi alipolazimishwa kujua kila Jumapili mezani: umeme wa nyumbani kwa kawaida huja na waya mmoja wa moto, lakini mashine kubwa hutaka nyaya tatu, nyekundu, njano na bluu, kila mmoja ukisukuma kwa zamu yake. Kaka alikuwa akizifunga kwa utaratibu ambao haukubadilika hata alipokuwa na homa. Kwanza anazima, anafunga kufuli. Kisha anachukua testa yake, kile kifaa cha kupimia umeme, anaijaribu mahali ambapo umeme upo, ahakikishe testa yenyewe ni nzima. Ndipo anapima waya kwa waya, nyekundu na njano, njano na bluu, bluu na nyekundu, halafu kila mmoja na nyutro, waya wa kurudishia umeme, kila mmoja na waya wa ardhi. Akimaliza, anarudi kuijaribu testa kule kwenye umeme, isije ikawa imefia mkononi katikati ya kazi. Hapo tu ndipo anagusa. Waya wa ardhi ulikuwa wa kwanza kuungwa na wa mwisho kufunguliwa. Kila skurubu aliikaza, akauvuta waya, akaikaza tena. Na kabla ya kuwasha, alikuwa akiita kwa sauti ya mnadi, "Nawasha!" Anasikiliza. Anaita tena. Kama yupo mtu ndani atajibu, "Ngoja!" Asipojibu mtu, anawasha.

Waliomwona mpotezaji wa muda walikuwepo. Ila rafiki yake na fundi mwenzake, huyu tunayemwita Koleo, aliyekaa pale mbele na kofia mapajani, hakuwa mmoja wao. Mwaka 1989 msimamizi wa zamu alimpa msumeno akate kufuli jekundu, kwa kuwa fundi alishaonekana akitoka getini. Koleo akasema, "Mimi sijamwona." Akaanza kumtafuta kiwanda kizima, chooni, stoo, kantini, watu wanamcheka. Alimkuta nyuma ya kabati la swichi, amelala chali, mikono yote miwili iko kwenye nyaya, anapiga mluzi. Aliyetoka getini alikuwa mtu mwingine mwenye koti kama lake. Koleo alikaa chini pale pale sakafuni, na kaka, bila kutoa mikono, akamuuliza, "Vipi, unaumwa?"

Sasa jina lake. Mnadhani aliitwa Pima Tena kwa uangalifu wake. Wapi! Aliitwa kwa aibu yake. Mwaka 1981 kiwanda kilileta cherehani mpya za mota, na yeye akazifunga kwa siku nne, kwa mikogo, maana safu ya tatu walikaa wasichana. Akaita, "Nawasha!" akawasha, na cherehani ya kwanza ikazunguka kinyumenyume, ikatafuna uzi, ikaumeza. Kwenye fezi tatu, nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota hugeuka. Si hatari, lakini ni aibu. Msichana aliyekuwa ameketi kwenye ile cherehani akautoa uzi taratibu, akamtazama juu chini, akasema mbele ya safu nzima, "Pima tena, fundi."

Kiwanda kilivunjika mbavu. Kaka akazima, akafunga, akapima, akabadilisha nyaya mbili, na cherehani ikashona kama maji. Kuanzia siku hiyo hakuitwa jina jingine, na kuanzia siku hiyo safu ya tatu ilikuwa na hitilafu ya umeme kila wiki.

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1982. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa mwaka 1986. Wifi yetu alikuwa mcheshi, mwepesi wa ulimi, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia kaka "mlango nimeufunga mimi, kaa chini" naye akakaa. Mwaka 1994 aliacha kazi kiwandani afungue chumba chake cha ushonaji nyumbani, na kaka akamletea laini ya fezi tatu hadi ndani, cherehani tatu, swichi yake kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini angesimama kwenye swichi ile na kuita, "Nawasha!" na mkewe angejibu kutoka ndani, "Ngoja!" hata kama hana la kungojea. Anajipaka mafuta tu, au anatafuta miwani. Mume anasimama na mkono kwenye swichi, anatabasamu ukutani. Kisha inatoka sauti, "Haya, washa." Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisalimiana.

Tarehe 22 Machi 2012 wifi yetu alianguka akiwa anashona. Binti yake alimkimbiza hospitali. Jioni hakuwa nasi tena. Kaka aliporudi nyumbani alikuta taa ya cherehani bado inawaka, na chini ya sindano kuna kitambaa cha bluu. Hakukigusa. Alizima swichi ya ukumbini, akatoa kufuli jekundu kwenye mkoba wake wa kazi, akalifunga pale. Mlango wa chumba akauacha umerudishiwa tu, kwa sababu mtaalamu hafungi mlango, hufunga swichi.

Tulimwacha. Tulidhani ni la arobaini, au la mwaka. Kwa kazi za kiwandani akanunua kufuli jingine, jeusi. Jekundu likabaki pale.

Binti alikuwa amejifunza kushona kwenye magoti ya mama yake, na kazi zilikuwa zimeshalipiwa vitambaa, sare za shule, mashela. Mwaka uliofuata alimfuata baba yake ukumbini. "Baba, nifungulie. Nataka kufanya kazi."

"Kufuli lina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe? Na humo ndani hakuna mtu, baba."

"Umemwona nje, amesimama?"

Binti alilia, akamwambia, "Baba, mimi bado nipo. Mbona unamlinda asiyekuwepo, mimi unanizimia?" Kaka akauingiza ufunguo ndani ya shati. Si kwamba hakuwa na mapenzi. Ni mtu aliyezoea kupima kabla ya kusema, na hapo kipimo kilikosekana. Mwaka 2014 binti alihamia mji mwingine, akavuka na mpaka, akafungua chumba chake huko. Walipigiana simu kila Jumapili. Walizungumzia mvua, afya, na mvua tena. Likikaribia neno la kufuli, mmoja wao angesema, "Haya, salimia watu."

Watu gani wa kusalimia? Nyumba ilikuwa na yeye na jokofu.

Msomaji aliwahi kumwambia, akitumia elimu ile ile ya Jumapili, "Kaka, wewe mwenyewe ulisema mota ikipoteza fezi moja hainyamazi, inanguruma, inajikaza kwa zile mbili. Wewe umebaki na moja." Akacheka kidogo. "Mtu si mota, mdogo wangu. Mota ingeshaungua. Mimi mbona sijaungua?" Kisha akaosha kikombe chake, akakifuta, akakitazama kama kimekauka, akakifuta tena.

Baada ya kustaafu alihamishia kigoda chake ukumbini, akawa anakula pale, uso kwa uso na swichi. Siku moja ya mwaka 2019 dada yake, msomaji huyu, alifika asubuhi bila taarifa, mlango wa mbele uko wazi, akamsikia ndani. "Nawasha!" Kimya. "Nawasha!" Kimya kile kilikuwa kirefu, mtu angeweza kwenda dukani na kurudi. Utaratibu unasema asipojibu mtu, unawasha. Alikuwa ameushika ufunguo, na mkono uko kwenye kufuli. Akaushusha. Akaurudisha ufunguo ndani ya shati, akaenda kuchemsha chai. Dada alirudi nyuma hadi barabarani, akakohoa kwa nguvu, akaingia upya kama ndiyo anafika. Jirani wa ukuta mmoja ametuambia juzi kwamba sauti ile aliisikia kila asubuhi, na alidhani mzee anafundisha vijana ufundi.

Mwaka jana watu wa umeme walibadilisha nguzo na transfoma ya mtaa, na kaka alisimama chini yao tangu asubuhi hadi walipomaliza, akiwauliza maswali. Ndiyo siku yake ya mwisho ya furaha ambayo tunaijua.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Machi mwaka huu. Alilazwa tarehe 18 Agosti. Nesi alipombandika nyaya za kupimia kifuani, nyekundu, njano na kijani, kaka alizitazama akauliza, "Bluu iko wapi?" Kisha, "Na mashine yenyewe mmeijaribu?" Wodi nzima ilicheka. Alipoambiwa avue ufunguo ili apigwe picha ya kifua, alikataa katakata. Nesi akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, ni wa nini huu?"

"Wa chumba cha mke wangu."

"Mama yuko nyumbani?"

Akafikiri. "Yuko kazini," akasema.

Siku za mwisho dada yake alikaa naye. Jumatatu alimuuliza binti yake anafika lini, akaambiwa Ijumaa. Alipiga hesabu kwa macho, na ni wazi haikumtoka vizuri. Akauvua ufunguo mwenyewe, akauweka kwenye kiganja cha dada. "Mpe yeye. Mwambie akague nyaya kwanza, panya hawana adabu. Na aite kabla ya kuwasha." Akapumzika. "Mwambie mimi nimeita sana. Sikuweza kufungua kwa sababu niliogopa kuwa kweli hakuna mtu."

Aliaga dunia Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, asubuhi. Mkono wake ulikuwa shingoni, unatafuta ufunguo.

Ameacha binti mmoja, dada mmoja, wapwa wawili, rafiki mmoja aitwaye Koleo, na nyumba ambayo kila skurubu yake imekazwa.

Kijitabu chenu kinaishia hapo. Haya ni ya asubuhi.

Binti alifika jana jioni. Leo, kaka akiwa amelazwa sebuleni kwenye sanduku lake, binti alikuja ukumbini na ufunguo aliokabidhiwa. Koleo alikuwa ameshafika na mkoba wake, amekwisha kukagua nyaya za chumba kile moja moja. Binti akainua ufunguo, na Koleo akaweka kiganja juu ya kufuli.

"Mwanangu, unajua utaratibu. Mwenye kufuli umemwona?"

"Yuko sebuleni, baba mdogo."

"Sijauliza yuko wapi. Umemwona kwa macho yako?"

Hakuwa amemwona. Tangu jana alikuwa akizunguka nyumba nzima, akikwepa sebule. Alikwenda. Alikaa huko muda, tukamsikia akiongea naye, na hayo hayatuhusu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nimemwona," akasema. Kisha bila kuulizwa akausukuma mlango wa chumba cha mama yake, akaingia, akazunguka cherehani zote tatu, akainama hata chini ya meza ya kukatia. Akatoka. "Na mama hayumo. Nimeangalia."

Akasimama mahali alipokuwa akisimama baba yake. "Nawasha!" Akaita tena, kwa sauti yote. "Nawasha!" Sote tulisikiliza, na msomaji huyu, na umri wake, alisikiliza kwa moyo wote. Hakujibu mtu. Binti akafungua kufuli, akainua swichi, akaenda kukaa kwenye cherehani ya mama yake, akakanyaga.

Cherehani ikazunguka kinyumenyume. Ikatafuna uzi, ikaumeza. Ile transfoma mpya, ndugu zangu. Walibadilisha mpangilio wa nyaya huko juu, na kwa kuwa kufuli lilikuwa limefungwa, hakuna mtu aliyejua.

Binti alitazama sindano, akamtazama Koleo. Hakuwepo mwaka 1981, lakini hadithi ile alilishwa pamoja na uji. Akasema, kwa sauti ambayo wifi yangu angeomba arudishiwe, "Pima tena, fundi."

Tulicheka. Tulicheka na maiti iko sebuleni, mtusamehe, tulicheka hadi tukashikana, na kicheko kikageuka kilio. Miaka kumi na mitatu nyumba ile haikuwa imesikia yote mawili. Koleo akajifuta, akasema inabidi abadilishe nyaya mbili. Binti akazima swichi. Akachukua kufuli jekundu, akalirudisha pale pale, akalifunga, na ufunguo akauvaa shingoni. Safari hii ndani kulikuwa na mtu kweli, Koleo na nyaya zake. Koleo alipotoka, alisimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili aone. "Nimekuona," binti akasema, akafungua.

Kitambaa cha bluu kilichokaa chini ya sindano tangu 2012 kilikuwa koti la kazi la kaka, halina mkono wa kushoto. Mkono wenyewe ulikuwa umekunjwa kando, umekatwa tayari. Binti akauunga, tukamvisha baba yake. Kazi ya mama na mwana, mshono mmoja. Walioaga wameuona, na mtu hajui unapobadilika.

Kaka, kufuli limetoka. Tumekuona kwa macho yetu, tumeita, tumesikiliza, tumepima, tumepima tena. Hakuna aliyebaki ndani. Lala sasa, fundi, na huko uendako ukiita, tunaomba ajibu, "Ngoja," ili upate kutabasamu.